Kikao cha mawazo mapya kinatoa yale yale, tunakosea wapi?

Mwanzisha uzi: Wakuu, naombeni ushauri. Timu ni ya watu 6. Kila tukikaa kutafuta mawazo mapya tunatoka na mawili matatu, tena ya yule aliyeanza kuongea. Na mtu akijifungia peke yake akili inaganda. Kuna mbinu yenye hatua za kufuata, au ubunifu ni kipaji tu?

Njiti: Mkuu, kipaji kiache pembeni. Tatizo ni kuongea kwa zamu. Mmoja akishika neno, watano wanasubiri, na wazo la anayesubiri linayeyuka huku akimsikiliza mwenzake. Watafiti wa saikolojia Diehl na Stroebe walilipima hilo mwaka 1987: mawazo ya watu waliofikiri kila mmoja kivyake, yakijumlishwa, yalizidi ya kundi lililokaa pamoja.

Kwa watu 6 jaribuni 6-3-5, mbinu ya Mjerumani Bernd Rohrbach ya mwaka 1968. Kila mtu anachora jedwali la safu 3 na mistari 6. Dakika 5, kimya, anajaza mawazo 3 mstari wa juu. Karatasi inahamia kwa jirani wa kulia, naye anasoma na kuongeza 3 chini yake, ayaendeleze yaliyopo au alete mengine. Mizunguko 6 ni dakika 30 na visanduku 108. Msitegemee mawazo 108 tofauti, mengi yatajirudia.

Inaharibikia wapi? Kwanza kwenye swali. "Tuboresheje huduma?" halishikiki. "Tupunguzeje muda wa mteja kusubiri jibu?" hilo linajibika. Pili, kuanzia mzunguko wa nne kuna mawazo 9 au zaidi ya kusoma kabla ya kuandika, kwa hiyo ongezeni dakika mbili.

Kona_ya_Tatu: Naongezea hapo kwenye kuganda. Kuna jaribio la mwanasaikolojia Karl Duncker: una mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, uushikize mshumaa ukutani nta isidondokee meza. Jibu ni kumwaga pini, kubana kisanduku ukutani kwa pini hizo na kusimamisha mshumaa juu yake. Pini zikiwa ndani, wengi wanakwama. Zikiwekwa nje, wengi wanapata. Kisanduku ni kile kile, ila kikijaa jicho linaona chombo cha pini tu.

Dawa yake ni kuvunja majina. Orodhesha sehemu za kitu, kisha kila sehemu iulize: jina hili linataja kazi yake? Kama ndiyo, lifute, taja umbo na malighafi. Utambi ukiitwa utambi utauwasha tu, ukiitwa uzi utafungia kitu. "Fomu ya malalamiko" nayo ni karatasi yenye tarehe na maneno ya mteja mwenyewe. Ukiisoma hivyo, unaweza kuandikia tangazo kwa lugha anayoielewa.

Mwanzisha uzi: Nimewaelewa. Na kuchagua je? Bosi akisema neno moja, wote wanamfuata.

Njiti: Msichague siku hiyo hiyo, anayejua atahukumiwa papo hapo anaandika yaliyo salama tu. Kesho yake kila mtu apewe alama 3, aziweke kimya kwenye mawazo anayoyaona yanafaa, ndipo mjadili. Bosi aweke za mwisho. Wazo likipita, kabla ya kulijaribu andikeni matokeo gani yatawafanya mliache, maana mkishalianza kila mtu atalitetea.

Kona_ya_Tatu: Na karatasi zisiandikwe majina. Mwandiko ukimtaja mtu, andikeni kwa herufi kubwa.