Sinema ya zamani ikipakwa rangi: imeokolewa au imeharibiwa?

Mzee wa Foleni
Wakuu, hoja iko hivi. Vijana wetu ukiwawekea sinema isiyo na rangi wanakimbilia simu. Chukua Double Indemnity ya Billy Wilder, 1944: wakala wa bima wa Los Angeles, Walter Neff, anakula njama na mke wa mteja wamuue mume, wagawane fidia. Picha kali, lakini hawaigusi. Siku hizi kompyuta zinapaka rangi chochote. Kwa nini tusiipake na wao waione? Au tunaoipenda ilivyo tunajifanya wasomi tu?

Fundi Taa
Ukiipaka rangi umeiua. Tazama Neff anapoingia nyumbani kwa Dietrichson, yule mteja, mara ya kwanza. Nje jua kali, ndani kiza, mwanga unapenya kwenye mapazia ya vibao na kumchora mistari kama aliye nyuma ya nondo, na hapo hajafanya kosa lolote. Hata lile vumbi linaloelea sebuleni si vumbi: John Seitz, mpiga picha, alipeperusha chembe za alumini ili mwanga uonekane. Weka kochi jekundu na zulia la kijani hapo, halafu uniambie jicho linakwenda wapi.

Mbagala 2G
Mimi rangi hainisumbui, kinachonishinda ni steringi. Dakika za mwanzo tu kaingia ofisini usiku, risasi begani, anairekodia mashine kwamba kaua kwa ajili ya pesa na mwanamke, na vyote kavikosa. Sasa nabaki kungoja nini? Sisi tumekua tunajua steringi hafi. Na yule mwanamke anashuka ngazi na kikuku mguuni, mtu mzima unaelewa papo hapo. Jamaa mzembe.

Bi Chumbageni
Eti "mtu mzima unaelewa". Unaelewa nini? Bibi yangu kavaa vikuku vya fedha miguu yote miwili, kazaa, kalea, kafa na heshima zake. Hizi habari kwamba kikuku ni uhuni mmeziokota wapi, nyie watu wa bara?

Mbagala 2G
Dada, bibi yako sijamtaja. Nimemsema wa kwenye picha. Na ubara wangu umeuona wapi? Mbagala iko pwani.

Bi Chumbageni
Pwani ya daladala.

Mzee wa Foleni
Jamani, rangi.

Kesi Haiozi
Hilo la rangi lilishafika mahakamani. Mwongozaji John Huston alimburuza Ted Turner, tajiri wa televisheni, huko Ufaransa kwa kuipaka rangi filamu yake The Asphalt Jungle, akashinda.

Fundi Taa
Huston alifariki 1987. Walioshinda mahakama ya juu mwaka 1991 ni warithi wake, pamoja na Ben Maddow aliyeandika naye filamu hiyo. Kwa sheria ya Wafaransa unaweza kuuza filamu, lakini haki ya aliyeitunga kulinda heshima ya kazi yake haiendi na mauzo.

Kesi Haiozi
Umenisahihisha kwa furaha sana, mkuu. Turner si alishindwa?

Nipo Posta
Mimi nauza bima, naomba niseme. Neff mnamwita mzembe? Yule alikuwa fundi. Mume anapewa karatasi asaini akidhani zote ni za bima ya gari, kumbe moja ni ya ajali: dola 50,000, na akifa kwenye treni zinakuwa 100,000. Kilichomwangusha si kikuku, ni Keyes wa kitengo cha madai. Bosi wake anadai mume kajiua kwa kujirusha toka kwenye treni; Keyes anamporomoshea takwimu za watu waliojiua, kwa sumu, kwa risasi, kwa kuruka, halafu anamwambia hakuna hata mmoja aliyejiua kwa kujirusha toka nyuma ya treni inayokwenda maili 15 kwa saa. Kila kampuni ina Keyes wake. Tukikutana naye koridoni tunageuza njia.

Kizimkazi
Mwaona? Mtu wa bima anamsifu muuaji kwa ufundi! Ndiyo maana gari yangu ilipogongwa niliambiwa nilete picha zake za kabla ya kugongwa, kama vile nilikuwa na miadi na ile lori.

Nipo Posta
Hizo picha hupigwa siku unayokata bima. Kama hazikupigwa, mlaumu wakala wako, usinibebeshe mimi.

Kizimkazi
Wakala wangu alikuwa anaongea hivyo hivyo.

Kimya Kingi
Kinachonirudisha mimi kwenye hii picha hakuna aliyekigusa. Wameshaitua maiti relini, wanarudi garini. Phyllis, yule mke, anawasha, gari linakataa. Anajaribu tena, linakataa. Na mimi, nisiyewahi kuiba hata chumvi, nasema moyoni "waka, waka". Nataka wauaji waondoke salama! Sasa niambieni, rangi ingeliondoa hilo? Naona lingebaki vilevile.

Bi Chumbageni
Hilo zuri, ila sijamalizana na Mbagala. Mume anapouawa, kamera haimwonyeshi anayeua. Inabaki usoni kwa Phyllis, mikono kwenye usukani, hapepesi. Kwa hiyo wote mnatoka mnamkumbuka mwanamke. Aliyeua ni Neff, kajificha kiti cha nyuma. Na kikuku kile kimeandikwa jina la mwenyewe tu, Neff aliuliza.

Mbagala 2G
Na honi alipiga nani? Mara tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Bi Chumbageni
Kumbe uliitazama mpaka honi ukazihesabu. Si ulisema imekushinda?

Mbagala 2G
Nilisema steringi ndiye aliyenishinda. Picha niliimaliza, nikairudia.

Fundi Taa
Ile isiyo na rangi?

Mbagala 2G
Kwani iko nyingine?

Mzee wa Foleni
Wanaotaka kuendelea na vikuku na magari yaliyogongwa wafungue uzi wao.

Bi Chumbageni
Uzi wetu ni huu huu. Mbagala, bado hujajibu: mlielewa nini?