Akupresha kwa maumivu sugu ya shingo: nibonyeze kwa nguvu kiasi gani?

Swali
Ndugu wanajukwaa, shingo na mabega yananiuma kwa zaidi ya miezi 6, na daktari alinipima asione hitilafu kwenye mifupa. Nimeanza akupresha, yaani tiba ya kubonyeza nukta maalumu za mwili kwa vidole, na ninajibonyeza ile nukta ya mkononi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, lakini maelezo yanapingana: wengine hushauri kubonyeza mpaka paume, wengine kugusa tu. Lipi sahihi, na mkono unahusianaje na shingo?

Jibu la 1
Usijiumize. Kinachotafutwa ni hisia ya uzito, au maumivu mepesi unayoyavumilia huku ukipumua kwa utulivu. Ukijikuta umekunja uso au umebana pumzi, umezidisha, na misuli uliyotaka ilegee itazidi kukaza. Ongeza nguvu polepole, shikilia kwa dakika 1 hadi 3, kisha achia polepole vilevile. Kwa shingo ningeanzia kisogoni, kwenye vibonde viwili vilivyo chini ya fuvu, kando ya misuli minene ya shingo, nikielekeza vidole gumba juu. Pembeni mwa koo usibonyeze kabisa, kwa kuwa hapo hupita mishipa mikubwa ya damu.

Jibu la 2
Kuhusu mkono, tiba ya jadi ya Kichina hueleza kwamba nukta huunganishwa na njia za nguvu ya uhai iitwayo chi, maelezo ambayo binafsi hayajanishawishi. Naona afadhali nadharia ya lango la maumivu, iliyotolewa na watafiti wa maumivu Melzack na Wall mwaka 1965, isemayo kwamba hisia za mguso na mgandamizo zinaweza kuzuia ishara za maumivu kwenye uti wa mgongo zisifike zote kwenye ubongo. Kwa maelezo hayo kinachosaidia ni mgandamizo wenyewe, kwa hiyo usihangaike kuitafuta nukta kwa rula. Hata hivyo, nafuu yake aghalabu ni ya muda, na mazoezi ya shingo bado yanahitajika.

Jibu la 3
Hamjagusia tahadhari. Wajawazito hushauriwa kuiepuka nukta hiyo ya mkononi pamoja na ile ya juu ya bega. Mwenye mifupa dhaifu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize daktari kwanza. Mikono ikifa ganzi au ikipoteza nguvu, acha kubonyeza, urudi hospitali.

Muulizaji
Nashukuru. Dawa hizo za damu ninazitumia, kwa hiyo nitasitisha mpaka nizungumze na daktari wangu.