Tupeane uzoefu: ADHD na hisia zinazokuja kwa ghafla

Fundi wa Kondele: Nina miaka 34, nashona nguo hapa Kisumu, na mwaka jana ndipo daktari aliponiambia nina ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia au kuweka umakini. Nilidhani ni kusahau funguo na kuunguza ugali tu. Kumbe kinachonichosha zaidi ni moyo. Mteja akiandika "sawa" bila neno lingine, nashinda nikiamini amenichoka. Jioni analeta kitambaa kingine akicheka, nami macho yamevimba. Nyinyi mnajishtukiaje mapema?

Mama Mitumba: Pole dada. Mimi nauza mitumba soko la Kibuye. Nilikuwa nafoka halafu nusu saa baadaye nimeshasahau, ila niliyemfokea hajasahau. Nikaanza kuandika kwenye daftari lile lile la madeni: saa ngapi, nani, nilikuwa nimekula nini. Baada ya wiki tatu nikaona hasira zangu karibu zote ni za saa kumi jioni, siku ambazo sikula mchana, na mtu amenisemesha nikihesabu chenji. Miaka yote hiyo nikimlaumu mume wangu! Siku hizi bili ya stima hanionyeshi kabla sijala. Masikio yakianza kupata moto, naomba jirani anishikie meza.

Mwalimu Nakuru: Mimi kwanza nilitibiwa unyogovu. Daktari wa pili ndiye aliyeuliza: hisia hizo hukaa kwa muda gani? Nikamwambia saa mbili tatu, na huwa kuna kilichonichokoza. Akasema hali ya baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda sana kisha kushuka sana, kwa kawaida hukaa siku au wiki nzima. Mwongozo wa Marekani wa 2013 ambao madaktari hutumia kutambua magonjwa ya akili hautaji hasira za namna hii kati ya dalili 18 za ADHD, ingawa wengi wetu tunazo. Unataka pia baadhi ya dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, kwa hiyo mama akapigiwa simu. Alicheka: "Huyo alikuwa anatoroka darasani akiwa amekaa kitini."

Boda wa Kakamega: Kwetu niliambiwa nina mdomo tu. Dawa imenisaidia kutulia kazini, lakini abiria akibishana bei bado damu inapanda. Navaa helmeti kwanza, ndipo namjibu.

Fundi wa Kondele: Asanteni. Mteja ameandika "sawa" tena sasa hivi. Simu nimeitia kwenye droo ya nyuzi, naenda kutafuta chakula.