Naomba ushauri: madoa ya mninga yanapenya rangi ya chaki

Habari wakuu. Nipo Mikindani, napaka stuli ya mninga rangi ya chaki. Nimekoroga nusu kikombe cha unga wa jasi kwa maji kiasi hichohicho, nikachanganya na kikombe kimoja na nusu cha rangi ya maji nyeupe. Mkono (tabaka) wa pili ulipokauka yakatokea madoa ya kahawia, hasa kwenye fundo. Nimepiga msasa namba 220, nikaongeza mkono wa tatu. Yamerudi kabla hata hakujakucha. Nadhani maji ya rangi yanayeyusha utomvu wa mti (ningejaribia chini ya kiti kwanza!).

Je, nipake shelaki (vanishi ya spiriti ya kuzuia madoa) juu ya rangi iliyopo, au lazima nikwangue yote? Na kwa unyevu huu wa pwani, nimalizie kwa nta ya nyuki au vanishi ya maji?