Mfupa wa taya la juu umeisha: wachukue wa nyonga au waweke wa ng'ombe? Naombeni ushauri

Subira
Wakuu, habari zenu. Mama yangu magego ya juu yaling'olewa siku nyingi, na meno ya bandia ya kuvua hayakai tena, yanacheza hata akiongea. Tunataka awekewe vipandikizi, yaani skrubu za kushikilia meno zinazofungwa kwenye mfupa wa taya. CT skani inaonyesha mfupa uliobaki chini ya sainasi (ule uwazi wa hewa ulio juu ya magego ya juu) ni milimita 3 tu. Daktari wa kwanza anataka kukata mfupa wa nyonga. Wa pili anasema atainua utando wa sainasi na kujaza chembechembe za mfupa wa ng'ombe. Mama anaogopa nyonga, mimi naogopa huo wa ng'ombe. Tushike lipi?

Mganga wa Meno
Mpe pole mama. Kwanza ulizeni mfupa umepungua kimo au unene, maana kuinua sainasi huongeza kimo tu. Kama ukingo wa taya ni mwembamba pia, itabidi kuongeza mfupa kwa nje, na hapo hoja ya daktari wa kwanza inapata uzito.

Mfupa wa mwenyewe una chembe hai, hushika mapema. Lakini ni vidonda viwili, nyonga huuma akitembea, na kipande kilichobandikwa juu ya taya huweza kuliwa na mwili sehemu kubwa kabla hata ya kupata meno. Wa ng'ombe umeondolewa nyama na mafuta yote, yamebaki madini. Hauna uhai, ni kiunzi ambacho mfupa wa mama utaotea ndani yake. Unakwenda polepole, mara nyingi miezi 6 hadi 9, ila ujazo wake hudumu. Wengi huchanganya na mfupa kidogo wa nyuma ya taya la chini, nyonga haiguswi.

Kama ni kimo tu kilichopungua, mimi ningemfuata wa pili. Kwa milimita 3 atapitia dirisha la ubavuni, yaani tundu linalokatwa kwenye mfupa upande wa shavu. Muulizeni utando ukichanika atafanyaje, ndiyo ajali ya kawaida zaidi. Mpasuko mdogo huzibwa kwa kiraka cha kolajeni (aina ya protini), mkubwa hufanya kazi iahirishwe.

Kijana wa Ufukweni
Mimi nilichukuliwa wa nyonga baada ya kuondolewa uvimbe uliokula taya. Kwangu pengo lilikuwa kubwa, chembechembe zisingetosha. Nyonga ilinisumbua kuliko mdomo, dada. Kwa sainasi peke yake nisingekubali.

Bi Rehema
Kuna na vipandikizi virefu vinavyoshikizwa kwenye mfupa wa shavu, bila kupandikiza mfupa. Ila hivyo ni vya taya lililoisha kabisa, na mtaalamu awe mzoefu hasa.

Subira
Asanteni sana. Unene upo wa kutosha, nimerudi kusoma ripoti. Mama ana kisukari.

Mganga wa Meno
Basi kipimo cha sukari ya miezi mitatu kianze, kabla ya kupanga tarehe. Kama anatumia dawa za kuimarisha mifupa amwambie daktari mapema. Na baada ya upasuaji asipenge kamasi kwa wiki kadhaa. Akitaka kupiga chafya, afungue mdomo.