Tupeane uzoefu: mazoezi ya goti kwa simu ya video au kliniki?

Mama Kibamba
Habari zenu wakuu. Nina miaka 58, goti la kulia limesagika. Daktari kasema mazoezi kwanza. Tatizo kutoka Kibamba hadi hospitali ni daladala mbili, na kule kusimama kwenye daladala ndiko kunakonimaliza. Nafika goti limeshavimba. Sasa kuna mtu wa fiziotherapia anasema tuonane kwa WhatsApp. Kuna aliyejaribu, au naliwa hela?

Mchovu wa Tanga
Shikamoo mama. Mimi nimepita kote. Kliniki niliyoanzia nililazwa kitandani, nikawekewa mashine ya joto dakika 20, mazoezi dakika 5, haya kwaheri. Kwenye video mashine hakuna, ikabidi nifanye kazi mwenyewe: kunyanyuka kwenye kiti bila kushika popote, kukandamiza taulo iliyoviringishwa chini ya goti, kupanda na kushuka kidaraja cha mlangoni. Mguuni nilifunga soksi ya mchanga. Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu, nusura niache. Ya saba ndipo nikaweza kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta. Anayetumia choo cha shimo ananielewa.

Binti wa Wete
Mie niko Muscat, bi mkubwa yuko Pemba. Siku ya kwanza simu iliegemezwa kwenye birika, nusu saa nzima mtaalamu anaangalia dari. Halafu ni mwanamume, bi mkubwa akagoma kupandisha dera. Tukampata mwanamke, yuko Unguja. Kwa meli asingemfuata hata siku moja, ila kwa simu wanaonana kila Jumanne, na siku hizi wanapiga soga kuliko wanavyofanya mazoezi.

Fizio Mstaafu
Nichangie kidogo. Jarida la The Lancet mwaka 2024 lilichapisha utafiti wa Australia: watu 394 wenye maumivu sugu ya goti, vikao vitano ndani ya miezi mitatu, wengine kwa video, wengine ana kwa ana. Wa video hawakuachwa nyuma, si kwa maumivu wala kwa shughuli za kila siku. Lakini goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, au likakwama halinyooki, au umeanguka, achana na simu, nenda ukashikwe kwa mikono. Na kuuma kidogo wakati wa zoezi si kwamba unazidi kulisaga. Kesho yake likiwa limetulia, endelea, halijatulia, punguza.

Babu Njaa Kali
Mimi video ilinishinda, na si bando. Nikilala chini kuinua mguu, wajukuu wananipanda tumboni. Kliniki kuna wazee wenzangu, ukikosa siku moja unasutwa wiki nzima. Nauli inauma, lakini naenda.

Mama Kibamba
Asanteni sana. Mwanangu wa Tanga, marahaba. Hiyo soksi ulitia mchanga kiasi gani?

Mchovu wa Tanga
Nusu kilo, mama. Na uifunge mdomo vizuri, mimi ilinimwagikia kitandani.