Hadithi ikitabirika, stelingi mmoja anatosha kuiokoa?

Mleta mada:
Wadau, nadai hivi: kipindi cha runinga kinaweza kuwa kizuri sana hata kama mtazamaji ameshang'amua mwisho mapema. Mfano wangu ni "Nothing in the Dark" ya The Twilight Zone, iliyorushwa na CBS ya Marekani Januari 5, 1962. Mfululizo ule kila wiki ulileta kisa kipya na waigizaji wapya, nusu saa ikiwa na matangazo, na mara nyingi mwisho wa kushtukiza.

Bibi kizee, Wanda Dunn, amejifungia kwenye jengo linalosubiri kubomolewa. Anaamini mtoa roho hutembea kwa sura ya binadamu, na akikugusa umekwisha. Polisi kijana anapigwa risasi mlangoni pake, anaomba msaada. Mwisho nautaja, maana ndio tunaoubishania: kijana ndiye Mauti mwenyewe. Nani hakujua?

Lakini mtazameni Gladys Cooper, anayeigiza bibi huyo. Alizaliwa Uingereza 1888 na alianza jukwaani 1905. Kuna pale anaposimulia alivyomwona Mauti mara ya kwanza, ndani ya basi: kijana kaketi karibu na mwanamke anayefuma, uzi ukaanguka, akamwokotea, vidole vikagusana. Basi lilipofika mwisho wa safari, mwanamke yule alikuwa maiti. Hakuna picha ya basi wala uzi, ni sauti na uso wake tu. Na katikati ya hofu ile unaona furaha ya mtu ambaye hatimaye kapata wa kuongea naye. Hilo halimo kwenye fumbo la kisa. Kalileta yeye.

Mchangiaji:
Mkuu, Cooper simgusi. Ila unamsamehe mwandishi kirahisi. Mkandarasi wa kubomoa jengo anaingia na kutuhubiria kwamba vya zamani lazima vipishe vipya. Hoja ilishaeleweka, ya nini kuihutubia? Tukisema "mwigizaji kaibeba", tunakiri kulikuwa na mzigo. Mimi nampa sifa mama yule, kipindi nakipa alama ya wastani.

Mchangiaji mwingine:
Nyote mnakubali haraka kwamba kinatabirika. Bibi alimshika kijana alipomvuta ndani, na hakufa. Kwa kanuni yake mwenyewe, kijana yuko salama. Mwandishi wake, George Clayton Johnson, aliandika hivyo makusudi, ili hofu imtoke bibi kabla yetu. Tena kijana ni Robert Redford kabla hajawa nyota. Leo tunauona uso maarufu, tunashuku tangu mlangoni. Watazamaji wa 1962 hawakuwa na uso huo wa kuushuku.

Mleta mada:
Hoja ya kumshika naipokea, na inanisaidia: kadiri bibi anavyomwamini kijana, ndivyo sisi tunaojua tunavyozidi kumhofia. Kwa mkandarasi sibishi, maneno yamezidi. Ila ndugu yangu wa alama ya wastani, unawezaje kuzitenganisha alama mbili hizo? Kisa chote ni watu watatu na chumba kimoja, na kamera haiachi kumrudia Cooper. Ukimtoa yeye, unakipa wastani kitu gani?

Mchangiaji:
Nakipa maandishi, mkuu. Mpe mwigizaji wa kawaida kurasa zilezile, hubiri la mkandarasi litabaki palepale. Hapo sisogei.